Mtani Hatupiwi Dadu: Historia Fupi ya Kuchagua Kanuni za Mchezo



Likizo ya Desemba mjukuu wangu alinijia hapa Kihonda Maghorofani kutoka Dar es Salaam, amebeba begi la nguo na kitabu kizito kuliko begi lenyewe. Baada ya shikamoo na chai, alikifungua barazani akaniambia: "Bibi, huu ni mchezo. Watu wanakaa mezani, kila mmoja anakuwa mtu mwingine, mnatunga hadithi pamoja. Shida ni kwamba mifumo yake ni mingi, na kila mfumo una kanuni zake. Wewe ulikuwa mwalimu. Utuchagulie." Nilimjibu kwamba mwalimu hasahihishi karatasi asiyoisoma, basi aniachie muda.

Nilidhani nitamjibu kesho yake. Kumbe swali lile lilinikalia kichwani likizo nzima, kwa kuwa kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba si swali geni kwetu. Zaidi ya miaka mia iliyopita, vijana wa nchi hii walikuwa wakiulizana swali linalofanana nalo: wewe uko wapi, Marini au Arinoti? Katika makala haya nitaeleza historia ya kuchagua kanuni za michezo ya namna hii, ya ugenini na ya kwetu, kisha nieleze tulichochagua sisi barazani na sababu yake. Sababu hiyo ni ya lugha, na ndiyo iliyonifanya niilete mbele yenu.

Kwanza majina

Huwezi kuchagua kitu usichoweza kukitaja. Mchezo huu nauita mchezo wa uhusika, kwa kuwa neno mhusika tunalo tayari katika fasihi. Kanuni zinazoamua lipi linawezekana na lipi haliwezekani katika mchezo naziita mfumo. Yule anayesimulia mazingira, akawasemea walinzi, wanyama na mazimwi, na kuwaambia wenziwe matokeo ya matendo yao, vitabu vya Kiingereza humpa vyeo vya kibwana. Mimi namwita mtambaji, kama tulivyowaita mabingwa wa ngano walioanza kwa "Paukwa!" wakangoja "Pakawa!" Mtambaji wa kweli hakuwa bwana wa mtu. Wasikilizaji wasipoitika, hadithi haiendi.

Kile kipande chenye pande na nukta ni dadu, neno ambalo mchezaji yeyote wa ludo analijua. Idadi ya mapigo ambayo mhusika anaweza kuyavumilia kabla ya kufa nimeiita alama za uhai. Msomaji mwenye neno bora asisite kunisahihisha.

Mchezo ulikotoka ugenini

Asili ya mchezo huu ni jeshi. Mwanzoni mwa karne ya 19, huko Prussia, mtu aitwaye von Reisswitz alimtengenezea mfalme meza ya kuchezea vita, na mwaka 1824 mwanawe akachapisha kanuni zilizoboreshwa kwa ajili ya kufundishia maafisa. Vikosi vilikuwa vipande vidogo juu ya ramani, dadu ziliamua hasara, na kati ya pande mbili alikaa mwamuzi. Mkumbuke mwamuzi huyo, kwa sababu ndiye babu wa mtambaji wa leo.

Mchezo wa vita ukaenea miongoni mwa raia. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alichapisha kanuni za kupiganisha wanajeshi wa bandia sakafuni. Lakini hatua iliyobadili kila kitu ilichukuliwa Marekani. Mwaka 1969, jimboni Minnesota, David Wesely aliandaa mchezo ambao kila mchezaji alipewa mtu mmoja wa kuwa yeye, mwenye jina, kazi na shabaha yake, badala ya kikosi. Mwenzake Dave Arneson aliuhamishia mtindo huo katika nchi ya njozi yenye mapango na majoka. Kisha Arneson na Gary Gygax wakaandika kanuni, na mwaka 1974 zikatoka katika vijitabu vitatu kwa jina la Dungeons & Dragons. Aina za wahusika zilikuwa tatu tu: mpiganaji, mchawi na kuhani. Mwizi aliongezwa mwaka uliofuata.

Tangu hapo uchaguzi ukaanza. Mwaka 1975 Ken St. Andre, aliyeona kanuni zile ni ngumu, alitoa Tunnels & Trolls zilizohitaji dadu za kawaida za pande sita. Mwaka 1978 ikaja RuneQuest, iliyofuta matabaka ya wahusika na kumpima mtu kwa asilimia ya kila ujuzi wake. Mwaka 1981 ikatoka Call of Cthulhu, ambamo wahusika ni watu wa kawaida wanaoweza kupoteza akili zao kabla ya kupoteza uhai. GURPS ya mwaka 1986 ilidai kufaa kwa hadithi ya aina yoyote. Mwaka 2010 Vincent Baker na Meguey Baker wakatoa Apocalypse World, iliyogeuza mambo: kanuni haiamki mpaka mchezaji aseme neno linaloiamsha. Dungeon World ya mwaka 2012 iliuchukua mtindo huo ikaurudisha katika nchi ya majoka na mashujaa.

Mjukuu wangu alikuwa amebeba toleo la tano la Dungeons & Dragons, lililotoka mwaka 2014. Katika simu yake alikuwa na mifumo mingine minne.

Tulikuwa na mifumo yetu

Msomaji atauliza, haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana, kwa sababu kujifanya mtu mwingine kwa kanuni zinazokubaliwa na wote ni jambo tulilolifanya kwa ustadi mkubwa bila kuhitaji kitabu.

Katika miaka ya 1890, Mombasa na Lamu, ilizuka ngoma iliyoitwa beni. Jina ni lile lile la bendi. Vijana wa Pwani walikuwa wamesikia tarumbeta na ngoma za bendi za kijeshi na za misheni, wakaona gwaride na sare, wakajiundia gwaride lao. Lakini beni haikuwa ngoma tu. Kila chama kilikuwa na mfalme wake, majenerali, makapteni na maofisa wengine, na wanawake pia walikuwa na vyeo vyao. Karani wa bandarini au mchukuzi wa mizigo, siku ya beni, alikuwa jenerali, naye aliamkiwa kama jenerali. Vyama vilishindana wawili wawili kwa mavazi, karamu na hasa kwa nyimbo za kujibizana. Mombasa palikuwa na Kingi na Scotchi. Huku Tanganyika palikuwa na Marini na Arinoti.

Je, mtu alichaguaje? Kwa nje vyama viwili vilifanana: vyeo, gwaride, nyimbo. Tofauti ilikuwa ya watu. Marini ilijulikana kuwa ya wenye hadhi mjini, na Arinoti iliwapokea zaidi watu waliotoka bara kutafuta kazi, wasio na jina wala ukoo mjini. Kuchagua mchezo kulikuwa kuchagua utakaa na nani, na mara nyingi si wewe uliyechagua. Mlango ulikuchagua.

Reli ya Kati ilifika hapa Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka huo huo vita vikuu vikaanza, na askari na wapagazi wakaibeba beni pamoja na mizigo hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Huko ilizaa mganda, malipenga na kalela. Katika kalela, ambayo mtaalamu J. Clyde Mitchell aliiandikia utafiti mwaka 1956, alikuwemo hata daktari na muuguzi aliyevaa nyeupe. Mwaka 1935 wafanyakazi wa migodi ya shaba walipogoma, tume ya serikali ilikichunguza chama cha ngoma cha Mbeni, kwa kuhofia kwamba waliozoea kutii jenerali wa mchezo wangeweza kuongozwa katika jambo lisilo mchezo. Mwanahistoria Terence Ranger alipoandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, alionyesha kwamba vyama hivyo pia viliwazika wafu wao na kuwasaidia wanachama wenye shida. Kumbe katika mchezo watu walijifunza kupanga mambo yao wenyewe.

Mfumo wa pili ni utani. Hapa Uluguru, kama kwingi nchini, mtani ana haki ambayo ndugu hana. Msibani anaweza kuvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akadai deni lake, akawachekesha wafiwa katikati ya kilio. Hakuna anayekasirika, kwa kuwa kila mtu anazijua kanuni: nani mtani wa nani, afanye nini, na aishie wapi. James Christensen alichapisha makala juu ya utani wa Waluguru mwaka 1963, lakini bibi zetu hawakumngoja.

Mfumo wa tatu niliucheza mwenyewe. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati ngonjera zilipoenea nchi nzima. Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, ndiye aliyezipa umbo hilo la mabishano ya kishairi jukwaani, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971. Nilipewa nafasi ya asiyejua, anayebisha kwa beti kadhaa kisha anakiri. Niliipenda, nikashangiliwa. Lakini nilikuwa najua tangu ubeti wa kwanza kwamba nitashindwa. Ngonjera ina wahusika, ina vina na mizani, ila haina njia panda. Mchezo wa uhusika unahitaji njia panda.

Mtihani wa Liyongo

Baada ya kusoma, nilitafuta kipimo. Kipimo cha mfumo hakiwezi kuwa wingi wa kurasa zake. Nikachagua kuuliza: je, mfumo huu unaweza kumbeba Fumo Liyongo? Wengi wenu mnakijua kisa. Liyongo yuko gerezani. Mama yake anaoka mkate wa wishwa, anaficha tupa ndani, na mjakazi Saada anaupeleka. Walinzi, ambao huvila vyakula vizuri, wanaudharau mkate ule na kuuacha upite. Liyongo anaomba ichezwe ngoma ya gungu nje, na kelele zake zinafunika sauti ya tupa. Baadaye mwanawe mwenyewe anamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, kitu pekee kinachoweza kumwua.

Nikaanza na Dungeons & Dragons. Katika vijitabu vya mwaka 1974 hapakuwa na kanuni ya kudanganya mlinzi, kwa hiyo mchezaji angebuni hila ya mkate na mtambaji angeamua kwa busara yake. Hapo akili ya mchezaji ilikuwa na thamani. Katika toleo la tano, mara nyingi Saada angerusha dadu ya pande 20, akaongeza ujuzi wake, na kulinganisha jumla na kiwango kilichowekwa. Kila upande wa dadu hiyo una nafasi ya asilimia 5, na bahati mbaya moja inaweza kuiharibu hila nzuri kuliko zote, mtambaji asipokuwa mwangalifu. Ama kuhusu sindano, mfumo unakwama. Shujaa wa daraja la juu ana alama nyingi za uhai, na sindano ingempunguzia moja. Liyongo angeamka akamchapa mwanawe.

RuneQuest ilinipendeza kwa mambo mawili. Kwanza, inaugawa mwili kwa sehemu: kichwa, mikono, kifua, tumbo, miguu. Unaweza kumpa Liyongo ngao ya kimuujiza kila mahali isipokuwa tumboni, na sindano ikapata njia. Pili, ujuzi huongezeka kwa kutumiwa. Ukifaulu kwa ujuzi fulani, baadaye unajaribiwa kama umejifunza, na asiyejua sana ndiye anayepanda kwa urahisi zaidi. Nikasema, aliyeitunga hii alipata kufundisha, au alipata kufundishwa vizuri. Tena asilimia ni lugha ambayo kila mtoto wa Tanzania anaijua tangu mtihani wake wa kwanza. Ubaya wake ni hesabu: pigano moja huchukua muda wa kupika wali na maharage.

Call of Cthulhu ingempa Saada heshima yake, kwa kuwa mashujaa wake ni watu wa kawaida wanaoogopa. Lakini humo kila anayeutazama ukweli kwa muda mrefu huishia kurukwa na akili, nami sikutaka kuwapa watoto wa likizo hadithi isiyo na asubuhi.

Katika mifumo ya ukoo wa Apocalypse World, dadu ni mbili za kawaida. Ukipata 6 au pungufu, mambo yanaharibika. 7 hadi 9, unapata ulitakalo kwa gharama. 10 na zaidi, unafaulu. Kati ya matokeo 36 yanayowezekana, 15 ni ya kundi la kwanza, 15 la kati na 6 la mwisho, kabla ya kuongeza uwezo wa mhusika. Kundi la kati ndilo roho ya mfumo: mkate unapita, lakini mlinzi mmoja anamfuata Saada njiani. Na kama ndani ya hadithi hakuna shaka, dadu hairushwi. Sindano ya shaba ikigusa kitovu cha Liyongo, Liyongo anakufa. Hakuna cha kuhesabu.

Basi kwa kipimo cha Liyongo, nilikuwa na mifumo miwili mkononi. Lakini uchaguzi wenyewe haukufanywa na Liyongo.

Barazani

Jioni ya kwanza walikaa watano. Mjukuu wangu alikuwa mtambaji. Wengine walikuwa dada yake, watoto wawili wa jirani walioko sekondari, na kijana fundi pikipiki wa mtaa wa pili aliyeishia darasa la saba, ambaye hupita jioni kunichotea maji na kunipa habari. Walitumia kile kitabu cha Kiingereza. Kila mmoja alipewa karatasi ya mhusika iliyojaa maneno na namba. Mambo yalikwenda mpaka zamu ya yule fundi ilipofika.

"Unafanya nini?" mtambaji aliuliza.

Akaitazama karatasi. Akaigeuza. Akasema, "Chochote."

Mara ya pili akasema, "Yeyote mwingine aanze." Mara ya tatu hakujibu, akacheka kidogo na kuangalia barabarani. Kesho yake maji alileta, lakini hakukaa.

Ndugu wasomaji, ile "chochote" niliisikia kwa zaidi ya miaka 30. Nilifundisha Historia na Kiswahili. Historia ya sekondari ilikuwa ikifundishwa kwa Kiingereza. Mtoto yule yule niliyemwuliza saa mbili asubuhi sababu za Vita vya Maji Maji akatazama meza, saa nne katika kipindi cha Kiswahili alisimama akachambua shairi mpaka nikamwomba akae wenzake nao waseme. Hakuwa amepata akili ndani ya saa mbili. Alikuwa amerudishiwa ulimi. Nilistaafu nikiwa na deni kwa watoto hao, maana mara nyingi niliandika "hashiriki" katika taarifa zao nikaendelea na somo.

Sasa niliona barazani kwangu mwenyewe palikuwa na Marini na Arinoti. Hakuna aliyemfukuza yule kijana. Karatasi ndiyo iliyomfukuza. Hapo nikajua swali la mjukuu wangu nililielewa vibaya. Mfumo upi ni bora ni swali la pili. La kwanza ni: mfumo huu ukiwekwa mezani, nani atanyamaza?

Kwa swali hilo uamuzi ulikuwa mwepesi. Dadu ya pande 20 sikuiona katika duka lolote nililoulizia hapa mjini, lakini dadu mbili za ludo zilikuwemo ndani ya nyumba. Kanuni zinazoamshwa na maneno zinaweza kuandikwa kwa Kiswahili kwenye kurasa mbili za daftari. Tena Dungeon World imetolewa kwa leseni inayoruhusu watu kuitafsiri na kuibadili mradi wawataje watunzi. Kwa haki niseme kwamba Januari 2023, baada ya malalamiko makubwa ya wachezaji, wenye Dungeons & Dragons nao waliziweka kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hiyo anayetaka kuzifanyia kazi kwa Kiswahili mlango uko wazi. Kazi ya kutafsiri mamia ya kurasa namwachia mwenye macho mapya.

Yalikuwepo mashauri mengine mawili. Jirani mmoja aliona dadu akauliza kama watoto wanacheza kamari, na mwingine akauliza kama ni uchawi. Niliwaalika wote wawili wakae wasikilize, wakakaa mpaka saa nne usiku. Wazazi wa Marekani katika miaka ya 1980 walikuwa na hofu hiyo hiyo, na nadhani dawa ni ile ile, kukaribisha. Shauri la pili lilikuwa langu. Watoto walitaka safari yao iende kwa Kolelo, katika pango la mizimu ya Uluguru. Nilikataa. Kuna watu hai wanaokwenda huko na maombi yao, na wapo wazee ambao jina lile ni historia ya mwaka 1905, si hadithi. Nikawaambia watunge mlima wao. Wakatunga, na ulikuwa mrefu kuliko Kimhandu.

Sarufi ya mchezo

Tulipoanza kuandika kanuni kwa Kiswahili, lugha yenyewe ilianza kutufundisha. Kiambishi -ki- kilibeba kanuni zote bila msaada: ukimkabili mwenye silaha, rusha dadu, ukimwomba mtu neema, taja utakachompa, ukikimbia, sema unachokiacha nyuma.

Kisha likaja suala la nyakati. Dada mtu alisema, "Nimemchoma zimwi mkuki!" Ndugu yake akabisha, kwamba dadu haijasema. Wakaniletea kesi. Nikaamua hivi: -na- na -ta- ni za mchezaji, -me- na -ka- ni za mtambaji. Mchezaji aseme "namrushia mkuki," na mtambaji, baada ya dadu, aseme "mkuki ukapita, umemkosa." Tangu siku hiyo hapakuwa na ugomvi wa nani mwenye haki ya kusema nini. Vitabu vya Kiingereza hutumia kurasa kadhaa kueleza mgawanyo huo wa mamlaka. Sisi tuliupata katika kitenzi.

Na jambo la tatu. Mmoja wa wavulana aliamua kuwa malkia mzee, na dada mtu akawa nahodha wa jahazi. Lugha haikutikisika, kwa sababu "amefika" ni amefika. Waandishi wa Kiingereza mara nyingi hujikuta wakiamua kama mhusika ni wa kiume au wa kike. Kiswahili kinamwacha mtu aingie katika umbo jingine bila kubadilisha hata herufi moja.

Zimwi lilituletea mabishano ambayo hayajaisha: je, zimwi "limekuja" au "amekuja"? Tulikubaliana kwamba lije kwa "li-" mpaka litakaposema neno la kwanza, na likishasema ni "a-". Mtaalamu wa ngeli atanisamehe. Watoto walisema wanaogopa zaidi wakati wa "li-".

Mlinzi wa daraja

Nilimwita yule fundi nikamwambia kuna mchezo mpya, hauna karatasi. Alikaa pembeni kwanza. Safari ilifika kwenye daraja lililolindwa. Mtambaji alikuwa amejiandaa kwa pigano. Mlinzi wake alikuwa na mkuki na kiburi. Nahodha alijaribu kumlipa, dadu zikampa 5, na mlinzi akazidi kukasirika. Ndipo fundi, ambaye hakuwa amesema neno, akasogea.

"Mlinzi," alisema, "nakutazama usoni nakuona. Wewe ni mtani wangu. Bwana wako amekufa kule ng'ambo, nami nakwenda kuvaa kanzu yake na kudai deni langu. Tangu lini mtani akazuiwa mlangoni pa msiba?"

Baraza lote liliangua kicheko. Mjukuu wangu alifungua mdomo akaufunga. Alitazama daftari, hakukuwa na kanuni. Alinitazama mimi, nikatazama mlimani. Mwishoni akaweka chini dadu alizokuwa ameshika, akasema kwa sauti ya mlinzi, "Pita, mwizi wewe. Na deni langu mimi utalilipa lini?"

Usiku ule, katika ukurasa wa pili wa daftari, chini ya kanuni zote, yule fundi aliandika kwa mkono wake: Mtani hatupiwi dadu. Ndiyo kanuni pekee katika mfumo wetu ambayo haikutoka ugenini, na ndiyo wanayoitaja kwanza kila mgeni anapokaa.

Mjukuu wangu amerudi Dar es Salaam na kitabu chake kizito. Daftari limebaki Kihonda, na Jumamosi jioni fundi ndiye mtambaji. Ninachowaomba ninyi watunzi ni maneno. Hatujapata neno zuri la matokeo ya katikati, yale ya kufaulu kwa gharama. Watoto wanaliita "nusu neema." Kama huko kwenu, Pemba, Tanga, Lamu au Kigoma, lipo neno la mtu anayevuka mto akapoteza kiatu, tafadhali mtuletee.

Wenu katika lugha,
Mwalimu mstaafu, Kihonda, Morogoro